Konsoli au Kompyuta: Ufunguo Uko Mikononi mwa Nani?

Mwezi uliopita zamu ya dada yangu ya chama ilifika. Baada ya karo na kodi ya nyumba alibakisha kiasi fulani, akaamua kimnunulie mwanawe zawadi kwa sababu kijana alikuwa amefanya vizuri muhula uliopita. Mpwa wangu ana miaka kumi na minne na ombi lake lilikuwa moja tu: mashine ya kuchezea gemu. Dada akamwambia, "Mimi mambo hayo siyajui. Muulize mjomba wako, yeye ndiye anayeshinda kwenye kompyuta." Jioni simu ikalia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Mjomba, tununue PS4 ya mtumba ama kompyuta ya mtumba? Ipi ndiyo kali?"

Kazi yangu ni kuandika programu, kwa hivyo nikaanza kumjibu kwa hesabu: prosesa ya aina gani, kumbukumbu kiasi gani, kadi ya michoro ipi. Katikati ya maelezo nikasita. Pesa hizi ni za mara moja. Mwakani huenda kusiwe na zawadi nyingine kama hii. Nami nilikuwa najibu swali la nguvu, ilhali tofauti kubwa ya mashine hizi mbili haiko kwenye nguvu. Iko kwenye swali jingine: ufunguo uko mikononi mwa nani? Yaani, ni nani anayeamua ni programu gani itakayoruhusiwa kufanya kazi ndani ya mashine uliyoinunua kwa pesa zako?

"Nipe hadi Jumamosi," nikamwambia. Jumamosi tukakaa barazani nikamsimulia historia hii. Naiandika hapa kwa sababu najua wako wazazi na wajomba wengi wanaoulizwa swali hilohilo.

Tuelewane kwanza. Ninaposema konsoli nina maana ya mashine iliyoundwa kwa ajili ya gemu, ile unayoichomeka kwenye runinga: Atari ya zamani, Nintendo, PlayStation, Xbox. Kompyuta mnaijua.

Zilizaliwa nyumba mbili tofauti

Mwaka 1962, katika chuo cha MIT kule Marekani, vijana wakiongozwa na Steve Russell waliandika gemu iitwayo Spacewar! kwenye kompyuta ya PDP-1. Mashine hiyo ilikuwa na ukubwa wa makabati kadhaa na bei yake ilikuwa takriban dola 120,000, kwa hivyo hakuna aliyewaza kumuuzia mtu gemu hiyo nyumbani kwake. Ilikuwa ni meli mbili za angani zinazorushiana makombora. Kilichonivutia mimi ni yale yaliyofuata. Msimbo wa gemu haukufichwa. Peter Samson aliona nyota za nyuma zimetawanywa ovyo, akaandika programu ya kuchora anga halisi. Dan Edwards akaongeza nguvu ya mvutano ya nyota iliyo katikati, ikawa meli isiyojihadhari inavutwa na kuteketea. Gemu ikanakiliwa kwenye utepe wa karatasi ikaenda vyuo vingine, na kila ilikofika watu wakaongeza lao.

Konsoli ilizaliwa nyumba nyingine kabisa. Ralph Baer alikuwa mhandisi mzaliwa wa Ujerumani ambaye familia yake ilikimbilia Marekani mwaka 1938. Mwaka 1966, akifanya kazi katika kampuni ya Sanders Associates, alijiuliza: Wamarekani wana mamilioni ya runinga sebuleni, na kazi yake ni kutazamwa tu. Je, haziwezi kuchezewa? Wazo hilo likazaa Magnavox Odyssey, konsoli ya kwanza kuuzwa madukani, mwaka 1972. Haikuwa na prosesa, wala sauti, wala hesabu ya pointi. Uwanja wa mchezo ulikuwa karatasi ya plastiki ya rangi, ambayo ulijibandikia mwenyewe kwenye kioo cha runinga!

Umeona tofauti? Nyumba ya kwanza, gemu ni maandishi ambayo anayeyasoma anaweza kuyaongezea. Nyumba ya pili, gemu ni kifaa cha sebuleni kama redio: unakiwasha, kinafanya kazi, basi. Kila moja ina uzuri wake. Lakini tabia ya utotoni haikuondoka.

Chipu moja, ndugu wawili

Mwaka 1975 kampuni ya MOS Technology ilianza kuuza prosesa ya 6502 kwa dola 25, bei ambayo iliwashangaza wengi kwa kuwa za washindani zilikuwa ghali mno. Miaka miwili baadaye, mwaka 1977, mashine mbili zilizotumia prosesa hiyo ziliingia sokoni.

Ya kwanza ni Apple II. Steve Wozniak alikuwa ameitengenezea Atari gemu ya Breakout kwa kuunganisha chipu nyingi, bila programu hata moja. Alipounda Apple II alitaka Breakout hiyo iweze kuandikwa kwa lugha ya BASIC, na ndiyo sababu akaiwekea rangi, sauti na vishikio vya kuchezea. Bei ilianzia dola 1,298. Ukiiwasha, inakuonyesha alama ya kusubiri: andika unachotaka.

Ya pili ni Atari VCS, iliyokuja kuitwa 2600. Ilitumia 6507, ambayo ni 6502 ileile katika gamba dogo zaidi. Kumbukumbu yake ilikuwa baiti 128. Aya hii unayoisoma haingeenea humo! Bei ilikuwa karibu dola 199. Ukiiwasha bila katriji haina la kukuambia. Katriji zenyewe zilikuwa jambo jipya. Mwaka mmoja kabla, Channel F ya kampuni ya Fairchild, iliyosimamiwa na mhandisi Mmarekani mweusi Jerry Lawson, ndiyo iliyoanza kuuza gemu katika katriji zenye programu ndani yake.

Kwa hivyo tangu 1977 swali la "ipi ina prosesa kali?" halikuwa swali lenyewe. Prosesa ilikuwa ya tumbo moja. Mmoja aliuzwa bei nafuu na ukapewa cha kucheza; mwingine aliuzwa ghali na ukapewa kalamu.

Mlango ulipoachwa wazi

Sasa sikiliza jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Konsoli ya Atari haikuwa na kufuli. Atari ilidhani hakuna mtu mwingine atakayejua kuiandikia gemu. Mwaka 1979 waandishi wake wanne, David Crane, Larry Kaplan, Alan Miller na Bob Whitehead, walichoka kuona gemu zao zikiiletea kampuni mamilioni bila hata majina yao kutajwa kwenye kasha. Wakaondoka, wakaungana na Jim Levy na kuanzisha Activision, kampuni ya kwanza kutengeneza gemu za konsoli isiyokuwa yake. Atari ikawapeleka mahakamani. Kesi ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 1982, na mlango ukabaki wazi.

Walioingia baada ya Activision hawakuwa mafundi wote. Kila kampuni yenye pesa ilitaka katriji yake dukani. Atari yenyewe ilimpa Howard Scott Warshaw takriban wiki tano tu kuandika gemu ya filamu ya E.T. ili iwahi Krismasi ya 1982. Maduka yakajaa katriji ambazo mnunuzi hakuwa na njia ya kujua ipi nzuri ipi takataka. Soko likaanguka. Inakadiriwa kwamba mauzo ya gemu za nyumbani kule Marekani yalishuka kutoka takriban dola bilioni 3 mwaka 1983 hadi takriban milioni 100 mwaka 1985. Katriji za Atari zilizikwa katika jaa la taka la mji wa Alamogordo, New Mexico, mwaka 1983. Wengi walidhani ni porojo hadi zilipofukuliwa Aprili 2014.

Kufuli inaingia

Nintendo ya Japani ilitazama maiti hiyo kwa makini. Ilipoleta mashine yake Marekani mwaka 1985 kwa jina la NES, iliweka ndani chipu iitwayo 10NES. Chipu moja ilikaa kwenye mashine, nyingine kwenye katriji. Ukiwasha, zinaanza kuambiana mfululizo wa ishara za siri. Zikipatana, gemu inaendelea. Zisipopatana, mashine inajizima na kujiwasha tena na tena.

Kwa kufuli hiyo ndogo Nintendo ilishika soko lote. Kampuni iliyotaka kuuza gemu ilibidi ipewe leseni, itengenezewe katriji na Nintendo yenyewe, na isitoe zaidi ya gemu tano kwa mwaka. Kampuni ya Atari Games ilijaribu kujichongea ufunguo wake. Ilipata nakala ya msimbo wa chipu hiyo kutoka Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani kwa kutoa maelezo yasiyo ya kweli, na mwaka 1992 mahakama ya rufaa ikasimama upande wa Nintendo.

Je, kufuli ilikuwa mbaya? Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Baada ya 1985 mzazi aliweza kununua katriji yenye muhuri wa Nintendo akiwa na hakika kwamba itafanya kazi. Biashara ya konsoli iliyokuwa imekufa Marekani ikafufuka. Lakini tangu siku hiyo konsoli ikawa nyumba ambayo mwenye nayo ni mpangaji: amelipa, anaishi ndani, ila funguo za vyumba anazo mwingine. Na prosesa ya NES? Ilitokana na 6502 ileile!

Donge jeusi la Kisauni

Hapa historia inafika nyumbani. Mashine ya Nintendo ya Japani yenyewe, Famicom iliyotoka Julai 1983, haikuwa na chipu ya kufuli. Ndiyo maana viwanda vya Asia viliweza kuiiga kwa urahisi, na mashine hizo za kuiga zikasambaa duniani kote zikiwa na majina mia na moja.

Moja ilifika mtaani kwetu Kisauni, Mombasa, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Baba wa jirani yetu alikuwa baharia, akairudi nayo kutoka Dubai. Katriji yake ya manjano ilijigamba kuwa na maelfu ya gemu. Tulipohesabu tukakuta ni zilezile chache zinazorudiwa kwa majina tofauti. Haidhuru. Tulipanga foleni hadi nje ya mlango. Ukifa, unampisha mwenzio. Katriji ikigoma, tunaipuliza.

Mimi nilikuwa na tatizo la ziada: nilitaka kujua yule jamaa anayeruka anaruka vipi. Nani kamwambia aruke? Siku moja wenyewe walipokwenda harusini, mimi na mtoto wao tulifungua katriji kwa kisu cha jikoni. Nilitarajia kuona kitu. Nilichokiona ni ubao mdogo wa kijani, na katikati yake donge jeusi la gundi ngumu. Basi. Chipu yote ilikuwa imezikwa humo. Tulipigwa, na donge hilo sijalisahau hadi leo, kwa sababu lilikuwa kama mtu anayekuambia: wewe cheza tu, haya mengine hayakuhusu.

Watoto waliopewa kalamu

Wakati Wamarekani wanafukia katriji, watoto wa Uingereza walikuwa na bahati nyingine. Aprili 1982 ilitoka Sinclair ZX Spectrum, kompyuta ndogo ya kuchomeka kwenye runinga, bei ikianzia pauni 125. Wazazi waliinunua "kwa masomo", na watoto wakacheza. Lakini kila ilipowashwa ilikuwa tayari kupokea BASIC. Majarida yalichapisha programu nzima kwenye karatasi, nawe ukakaa na kuicharaza mstari kwa mstari. Ukikosea herufi moja, haifanyi kazi. Ukiitafuta herufi hiyo kwa saa mbili, umeshajifunza kitu.

Matthew Smith alikuwa na miaka 17 alipotoa Manic Miner ya Spectrum mwaka 1983. Wanafunzi wawili wa Cambridge, David Braben na Ian Bell, walitoa Elite mwaka 1984 kwenye BBC Micro, kompyuta yenye kilobaiti 32 za kumbukumbu na, usishangae, prosesa ya 6502. Ndani yake waliweka galaksi 8, kila moja ikiwa na nyota 256, kwa kuzizalisha kwa hesabu badala ya kuzihifadhi. Hawakuomba leseni kwa mtu yeyote ili waandike.

Kompyuta ya IBM, iliyotoka Agosti 1981, haikuwa na sifa ya gemu kabisa. Rangi zake zilikuwa chache na sauti yake ni mlio wa kengele ya baiskeli. Lakini ilijengwa kwa vipande vinavyopatikana sokoni, kampuni nyingine zikaiga, na kila mwaka kipande kimoja kikaboreka: michoro ya VGA mwaka 1987, kadi ya sauti ya Sound Blaster mwaka 1989.

Mwaka 1990, mjini Shreveport, Louisiana, John Carmack aligundua namna ya kufanya picha ya kompyuta ya aina ya IBM isogee kwa ulaini kama ya Nintendo, jambo ambalo wengi waliona haliwezekani kwenye mashine hizo. Yeye na wenzake wakatengeneza mfano wa Super Mario Bros. 3 ukifanya kazi kwenye kompyuta, wakaupeleka Nintendo. Nintendo ikakataa, gemu zake ni za mashine zake. Hebu fikiria kama mlango huo ungekuwa ndio pekee! Hadithi ingeishia hapo. Kwa sababu kompyuta haikuwa na mlinzi, walitumia ujuzi uleule kutengeneza Commander Keen mwezi Desemba mwaka huohuo, na tarehe 10 Desemba 1993 wakatoa Doom. Sehemu ya kwanza ya Doom iligawiwa bure, ukiipenda unanunua zilizobaki. Ramani na picha zake ziliwekwa katika faili la peke yake ili wachezaji waweze kutengeneza zao, na mwaka 1997 msimbo wenyewe ukawekwa wazi.

Mbegu hiyo imeota mara nyingi. Counter-Strike ilianza mwaka 1999 kama mabadiliko yaliyofanywa na Minh Le na Jess Cliffe juu ya gemu ya Half-Life. Gemu inayochezwa na mamilioni ilianza kwa wachezaji wawili kufungua na kuongeza lao, kama Samson na Edwards kule MIT.

Nyoka mwenye uhai hamsini

Mimi nilikutana na kompyuta shule ya upili mwaka 1998. Zilikuwa chache, kuukuu, na tuliruhusiwa kujifunza kuandika barua tu. Mwanafunzi wa kidato cha nne akanionyesha kwamba ndani ya MS-DOS kulikuwa na QBasic, na pamoja nayo faili liitwalo NIBBLES.BAS. Ukiliendesha, ni gemu ya nyoka anayekula tarakimu. Ukilifungua, ni maandishi! Gemu nzima iko pale, mstari kwa mstari.

Nikatafuta mahali nyoka anapopewa uhai. Palikuwa na tarakimu 5. Nikaifuta, nikaandika 50, nikaendesha. Nyoka akawa na uhai hamsini.

Siwezi kukueleza vizuri nilivyojisikia. Lile donge jeusi la Kisauni lilikuwa limepasuka. Kumbe ndani hakukuwa na uchawi, kulikuwa na sentensi ambazo mtu aliziandika. Nikaendelea kubadilisha hiki na kile hadi gemu ikakataa kabisa kufanya kazi, na mwalimu alikuwa njiani kurudi kutoka chai. Dakika kumi zile za kutafuta nilichoharibu ndizo somo langu la kwanza la kazi ninayoifanya leo.

Haki ya konsoli

Nisije nikaonekana ninaipigia kompyuta debe. Waliocheza gemu za kompyuta miaka ya tisini wanakumbuka mateso: kumbukumbu ya kilobaiti 640 haitoshi, kadi ya sauti inagombana na kadi nyingine, gemu inayofanya kazi kwa jirani kwako haiwaki. Kila kompyuta ni tofauti, na mtengenezaji wa gemu hawezi kuzijua zote.

Konsoli ni moja kwa wote. Mwandishi wa gemu akiijua, anaikamua kila mwaka zaidi. PlayStation 2 ilitoka mwaka 2000 ikauzwa zaidi ya milioni 155, na mwaka 2013 bado kulitoka gemu mpya za kandanda za mashine hiyo. Mara nyingi konsoli mpya huuzwa kwa faida ndogo, au hata kwa hasara, kama PlayStation 3 mwaka 2006, kwa kuwa kampuni hupata fungu lake katika kila gemu inayouzwa. Hiyo ndiyo bei ya kufuli: unalipa kidogo mlangoni, kisha unalipa ukiwa ndani.

Na hapa kwetu, kibanda cha PS ndicho kilichowafunza watu wengi gemu za video. Mashine moja, runinga moja, padi mbili zilizofungwa kwa utepe, unalipa kwa mechi. Kompyuta isingeweza kuyahimili maisha hayo. Stima ikipotea na kurudi, konsoli inawaka na mechi inaanza upya. Vijana wasioweza kununua chochote walicheza, tena wakiwa pamoja, wakicheka. Kompyuta ni ya mtu mmoja na kiti chake. Konsoli ina benchi.

Leo zinafanana, isipokuwa jambo moja

Novemba 2001 Microsoft ilitoa Xbox. Ndani yake? Prosesa ya jamii ya Pentium III ya megahezi 733, megabaiti 64 za kumbukumbu na diski kuu. Kompyuta tupu! Ila ilikataa programu isiyokuwa na saini ya Microsoft. Mwaka 2002 mwanafunzi wa MIT, Andrew Huang, alionyesha namna alivyounasa ufunguo wa siri ukipita kwenye nyaya za ndani, na baada ya muda watu wakaweka Linux humo.

Sony ilifanya kinyume, kisha ikageuka. PlayStation 3 iliruhusu wanunuzi kuweka Linux, na Jeshi la Anga la Marekani likaunganisha PlayStation 3 zipatazo 1,760 kuwa kompyuta moja kubwa mwaka 2010. Aprili mwaka huohuo Sony iliondoa ruhusa hiyo kwa sasisho la programu, ikitaja usalama. Aliyekataa sasisho alipoteza kucheza mtandaoni. Mashine ilikuwa imeshalipiwa, iko sebuleni mwa mtu, na bado chumba kimoja kikafungwa kutoka mbali.

Tangu 2013, PlayStation 4 na Xbox One zinatumia prosesa za AMD za ukoo uleule unaotumika kwenye kompyuta zetu. Kwa hivyo tumerudi 1977: tumbo ni moja, kinachotofautiana ni ufunguo.

Na kompyuta nayo isijisifu sana. Valve ilianzisha duka la Steam mwaka 2003, na leo wengi hununua gemu zao humo, zikiwa zimefungwa kwenye akaunti. Duka la mtandaoni likifungwa, mnunuzi hana la kufanya. Nintendo iliacha kuuza gemu kwenye maduka ya 3DS na Wii U Machi 2023. Tofauti ni kwamba kwenye kompyuta duka ni mlango mmoja kati ya mingi. Ukitaka unapita kwingine, na ukitaka unajenga wako.

Tulichonunua

Nilipomaliza, mpwa wangu alinyamaza kidogo. Kisha akasema ukweli ambao sikuutarajia.

"Mjomba, lakini wenzangu wote wanacheza PS. Nikiwa na kompyuta nitacheza na nani?"

Hilo ni swali la haki na sikulipuuza. Nilimwambia hivi: "Kibanda cha PS kiko hapo kona. Ukitaka kucheza na wenzako Jumamosi, nenda. Lakini hakuna kibanda mjini humu kitakachokuachia mashine uifungue ujue ndani mna nini. Hiyo huwezi kuikodi kwa mechi. Pesa ya mama nunulia kile ambacho hakikodishwi."

Alikunja uso. Akaenda kufikiria siku mbili, na uamuzi akaufanya mwenyewe na mama yake. Walinunua kompyuta ya mezani iliyotumika, pamoja na padi mbili ili wenzake wakija wasikae bure. Kadi yake ya michoro ni hafifu. Gemu mpya mpya haziwezi. Za miaka kumi nyuma inaziendesha vizuri.

Juzi usiku alinipigia tena, safari hii kwa sauti ya chini ili mama asisikie.

"Mjomba, nilibadilisha kitu kwenye faili la gemu moja. Sasa haiwaki."

"Ulibadilisha nini?"

"Sikumbuki."

"Haya. Chukua karatasi na kalamu," nikamwambia, "tuanze mstari wa kwanza."

Kwa leo naishia hapo. Mpaka siku nyingine.